Siku nane mlizoziona kwenye video

Shikamooni wakubwa wote wa ukoo. Wadogo zangu, nawasalimu. Sauti zenu nimezisikiliza zote, na ile ya dakika sita ya mtoto wa mama mdogo nimeisikiliza mara mbili nikiwa kwenye basi, natoka kazini. Leo ni Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025. Mlishike hilo: Jumamosi, natoka kazini.

Mdogo wangu, umesema hivi, nakurudia ili wengine tusiwaache nyuma: "Dada, huko China serikali inawapa watu siku nane za kupumzika na mshahara unaingia. Huku kwetu Muungano siku moja, Mei Mosi siku moja, na ukifunga duka unalala njaa. Nimeona taa, nimeona bendera, nimeona watu wanakula bata. Nitafutie njia na mimi nije nikae kwenye nchi inayojali mfanyakazi." Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini: "Ila kama mnapewa siku nane kila mwaka, mbona tangu mama mkubwa azikwe hujakanyaga kwetu Kibosho?"

Umenikera, na umenigusa. Nianze na lililonikera, maana ndilo jepesi.

Hizo siku nane hakuna aliyetupa. Tuhesabu pamoja. Kwa sheria, Sikukuu ya Taifa ni siku 3. Mwaka huu imekutana na sikukuu ya mwezi, ile ya keki za mwezi, iliyoangukia tarehe 6. Hiyo ni siku 1. Jumla 4. Katikati kuna Jumamosi na Jumapili, tarehe 4 na 5, ambazo zilikuwa zetu tangu mwanzo. Jumla 6. Zimebaki 2. Hizo 2 zimekatwa kwenye wikendi nyingine: Jumapili ya tarehe 28 Septemba tuliingia kazini, na leo Jumamosi tumeingia tena. Ndivyo inavyofanyika karibu kila sikukuu ndefu. Serikali inatoa tangazo mapema, inasogeza siku huku na kule ili mapumziko yawe marefu kwa mkupuo, na wewe unazilipa kabla na baada. Wachina wenyewe wanalilalamikia jambo hili kila mwaka, tena kwa uchungu.

Kwa mwaka mzima siku za mapumziko za kisheria ni 13. Zilikuwa 11 hadi mwaka jana. Januari hii wameongeza 2. Sasa hesabu zako: Mapinduzi, Karume, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Jumanne hii inayokuja ya Nyerere, Uhuru. Weka Pasaka, Idi zote mbili, Maulidi, Krismasi na inayofuata. Nyie mmetuzidi. Na sijawahi kusikia Mtanzania aliyeambiwa aje kazini Jumapili kulipia Muungano.

Halafu hiyo wiki ndefu unayoiita ya kumjali mfanyakazi ilianza mwaka 1999, na lengo lake lilisemwa wazi: watu wasafiri, wanunue, pesa izunguke. Tarehe 1 Oktoba yenyewe ni kubwa kwao, ndiyo siku Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu mwaka 1949, na kule Beijing watu hukesha kwenye Uwanja wa Tiananmen wakisubiri bendera ipande na jua. Siwakebehi kwa hilo, nimewaona wazee wakitokwa machozi. Lakini ukiacha bendera, wiki ile ni ya mabasi, hoteli, foleni na maduka. Treni zinajaa mpaka tiketi inakuwa kitu cha kuviziwa kwenye simu. Mji mdogo wenye hekalu moja unapokea watu wa mkoa mzima.

Na mimi? Kazi yangu mnaijua, nasimamia mizigo ya wateja wa Afrika Mashariki. Kariakoo haifungi Oktoba Mosi. Kwa hiyo viwanda vimefunga, ghala limefunga, bosi yuko kwao, na simu yangu inaita kuanzia saa saba mchana, kwenu saa mbili asubuhi: dada mzigo wangu umetoka? dada kontena limepakiwa? dada nimelipa tangu Septemba. Siku nane zote ninawaomba watu radhi kwa mlango ambao sikuufunga mimi. Kuna mteja mmoja wa vigae alinitukana tarehe 3, akanipigia tena tarehe 9 kuniomba msamaha. Nikamwambia yameisha. Hayakuwa yameisha.

Picha za taa nilizituma mimi mwenyewe. Hilo nalikubali. Nilisimama kwenye daraja, nikapiga, nikazituma kwenye kundi la ukoo kwa sababu jioni ile nilikuwa mpweke na nilitaka mtu aniambie "umependeza". Mkaona raha. Aliyekuwa ameshika simu hamkumuona.

Ya nje ya picha nitayasema kwa kifupi. Mgeni huku anatakiwa ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 kila anapohamia mahali papya, na zikikaribia siku kubwa za taifa askari wa mtaa hugonga mlango kwangu kuona kama karatasi zangu ni zilezile. Wanagonga kwa adabu. Nami natoa kila kitu kwa adabu. WhatsApp yenyewe huku imefungwa, tunaipata kwa VPN, programu ya kupita kizuizi cha mtandao, na katika wiki za maadhimisho VPN inakatika, inarudi, inakatika. Kwa hiyo mkiona tiki moja mwisho wa Septemba, msiseme nimewanunia. Gwaride lile la tarehe 3 Septemba mlilonitumia, la miaka 80 tangu Japani ishindwe, mliliona nyie vizuri kuliko mimi. Ilikuwa Jumatano, nilikuwa ghalani nahesabu maboksi.

Ipo pia tarehe isiyo na bango. Usiku wa kuamkia 4 Juni 1989 jeshi liliwapiga risasi waandamanaji mjini Beijing. Siku hiyo haiadhimishwi, haitajwi, wala mgeni haiulizi. Ukija, usimuulize mwenzako wa kazini ukidhani unaonyesha kwamba umesoma. Utamtia yeye matatani, si wewe.

Sasa nije kwenye lililonigusa. Na hapa wakubwa mnisikilize, kwa sababu kuna jambo niliwaacha mkaliamini kwa miaka miwili.

Mwaka 2023 mapumziko yalikuwa nane vilevile. Yalianza Ijumaa tarehe 29 Septemba, siku ya sikukuu ya keki za mwezi, yakaisha tarehe 6 Oktoba. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinaisha mwishoni mwa Oktoba, na sheria inataka uombe kuongeza muda siku 30 kabla. Barua ya mwajiri ilichelewa, nikapeleka maombi Jumanne tarehe 26 Septemba. Ukiomba, unaacha pasipoti yako ofisini, unapewa risiti. Ile risiti inakulinda usikamatwe ndani ya nchi, lakini haikuvushi mpaka. Tarehe ya kuchukua iliandikwa 23 Oktoba, kwa kuwa wanahesabu siku za kazi tu, na sikukuu si siku za kazi. Sikujali. Nilikuwa na mpango wa kuja Desemba.

Mnakumbuka kwa nini Desemba ile ilikuwa kubwa kwangu. Mama nilimuona mara ya mwisho Julai 2019. Machi 2020 walifunga mipaka kwa wageni, hata tuliokuwa na vibali, na aliyetoka hakujua atarudi lini. Nikaogopa kutoka. Karantini waliiondoa tarehe 8 Januari 2023, na mimi nikasema nijikusanye kwanza, nije Krismasi, nije na mkono uliojaa. Mama akasema haya, mwanangu, ndizi zipo.

Akafariki Jumamosi, tarehe 30 Septemba, saa kumi alfajiri. Huku ilikuwa saa tatu asubuhi. Tarehe 30 Septemba kwa China ni Siku ya Mashujaa waliokufa, wameiweka kwenye sheria tangu 2014. Viongozi wote wakubwa wanakwenda uwanjani Beijing kuweka maua kwenye mnara. Nilikuwa mgahawani chini ya ninapoishi, nakula uji wa wali, na televisheni ya ukutani inaonyesha wale wanajeshi wakibeba vikapu vya maua, hatua kwa hatua, taratibu. Nakumbuka niliwaza jinsi wanavyojua kuheshimu wafu wao. VPN ilikuwa imekatika tangu usiku. Iliporudi ilikuwa saa kumi na nusu jioni, na ujumbe ukaingia wote kwa pamoja, mia na kitu. Wa kwanza niliousoma ulikuwa wa mtu wa jumuiya: "Raha ya milele umpe ee Bwana." Nikaanza kupanda juu kutafuta ni nani.

Nilikwenda ile ofisi usiku uleule, najua imefungwa. Nikaenda Jumapili. Jumatatu nikaenda na tangazo la msiba nililolitafsiri kwa simu. Mlinzi alikuwa mzee, kwa lafudhi yake si wa mji ule. Alilisoma mpaka mwisho. Akaniambia: tarehe 7. Nikamwambia mama yangu yuko mochwari. Akasema, naelewa, tarehe 7, mimi funguo za kabati sina. Akanitolea kiti. Nikakaa nje ya geti lile, chini ya bendera mbili nyekundu walizotundika, karibu saa nzima. Familia zinapita na watoto mabegani, na watoto wana vibendera vidogo. Mtoto mmoja alinipungia. Nami nikampungia.

Nyie huku nyuma mkawa mnanisubiri. Najua baba mdogo alisema, "Tusubiri hata Jumamosi, mtoto wa kwanza hawezi kuzikiwa mama yake." Najua padre alikuwa na ratiba, najua gharama za mochwari zilikuwa zinapanda, najua watu wa Dar walikuwa na kazi. Mkazika Alhamisi, tarehe 5. Mkanionyesha kwa video. Mtandao ukakwama wakati wa kutia udongo, picha ikaganda kwenye mkono wa mtu, sijui wa nani, ameshika udongo mwekundu wa kihamba, shamba letu la ukoo. Nilikaa naitazama hiyo picha iliyoganda mpaka simu ikazima.

Jumamosi tarehe 7 ofisi ilifunguliwa, maana ilikuwa moja ya zile Jumamosi za kulipia sikukuu. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Yule dada wa dirishani aliposikia shida yangu alisimama, akaingia ndani, na kabla ya saa tisa alasiri pasipoti ilikuwa mkononi mwangu, kibali kipya kimeshabandikwa, miaka 2. Akanipa pole kwa Kiingereza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo.

Na hapa ndipo hadithi mnayoijua inapoishia. "Wachina walimfungia pasipoti, masikini, akakosa kumzika mama yake." Nimelisikia likisemwa hata na watu wasionijua.

Kilichobaki ni hiki. Tarehe 7 ile ningeweza kuja. Ndege ya kupitia Addis Ababa ilikuwepo usiku wa Jumapili, bei ilikuwa imeshashuka kwa kuwa sikukuu imeisha. Kazini nilipewa siku 3 za msiba, na bosi alisema nikitaka zaidi niongeze bila malipo. Ningefika arobaini haijafika, matanga bado yako wazi, ndugu wengine hawajaondoka. Sikuja. Nikawaandikia kwamba nauli nimeituma yote kwenye msiba. Ni kweli nilituma: jeneza, chakula, saruji. Lakini haikuwa yote. Ilikuwepo.

Niliogopa. Niliogopa kushuka uwanja wa ndege wa KIA mkono mtupu baada ya miaka minne. Niliogopa kulala kwenye nyumba ile chumba chake kikiwa wazi. Niliogopa baba mdogo aniangalie tu, asiseme kitu. Ile ofisi iliyofungwa ilinipa sababu nzuri kuliko zote ambazo mtu anaweza kupewa, na nikaishika. Baadaye Mkenya mmoja aliniambia kwamba mwenye msiba anaweza kuomba pasipoti kwa dharura, kuna simu ya kupiga hata siku ya sikukuu. Sikuijua hiyo simu. Ila hata kama ningeijua, sina hakika. Desemba ikapita, nikasema mwakani. Mwakani ikapita. Kila Oktoba Mosi wanapotundika zile bendera mimi nakosa usingizi.

Mdogo wangu, uliuliza kwa sauti ya chini. Nami nimekujibu kwa sauti ya kila mtu, kwa sababu mama alikuwa wa wote.

Aprili kuna siku wanaiita Qingming, tarehe 4 au 5. Ni siku ya makaburi, kama sisi Novemba 2. Wanapanda milimani na majembe madogo, wanang'oa majani, wanaweka matunda, wanachoma pesa za karatasi ili marehemu asipungukiwe. Zamani wakomunisti waliiona kama ushirikina, na haikuwa mapumziko ya taifa mpaka mwaka 2008. Sasa ni siku kamili, na ndiyo sikukuu pekee ya huku ninayoielewa bila kuelezwa. Mwaka 2020 waliiunganisha na maombolezo ya waliokufa kwa korona: saa nne kamili asubuhi ving'ora vyote vikalia, magari yakapiga honi, treni zikapiga honi, dakika 3. Nilikuwa dirishani. Mji mzima ulikuwa unalia kwa honi. Mama alikuwa hai bado, nikampigia, nikamuwekea simu dirishani asikie.

Na je, mnajua kwamba pale Gongo la Mboto, Dar, kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa kujenga reli ya TAZARA? Kila Qingming Wachina walioko Tanzania wanakwenda kuwawekea mashada. Nilivyolijua hilo nilikasirika kwanza, kisha nikanyamaza. Wale vijana walikuja kwetu miaka ya sabini, hawakurudi, mama zao nao hawakuwazika. Wana mtu anayewapalilia, tena kwenye ardhi yetu. Mama yangu yuko hatua ishirini kutoka jikoni kwake, na mwanawe wa kwanza hajang'oa jani moja.

Sasa, unataka kuja. Nikwambie nini?

Usije. Usije kwa ajili ya video. Ukija kwa kozi ya miezi sita ya lugha halafu ukaanza kufanya kazi kwa siri, ujue kazi bila kibali faini yake ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na wanaweza kukuweka ndani hadi siku 15 kisha wakakurudisha. Kuzidisha siku ni yuan 500 kwa kila siku hadi 10,000. Hakuna mjomba wa kumpigia simu.

Ila kama umepata nafasi ya kweli ya kusoma, njoo, mimi mwenyewe nitakupokea stesheni. Hii nchi imenifundisha kazi. Imenisomeshea wadogo zangu wawili. Siwezi kuitukana mbele yako kisha nikale mshahara wake.

Pasipoti usiiache ofisini Septemba, wala Januari. Hili nakuapia. Tazama kibali kinaisha lini, rudi nyuma miezi miwili, peleka hapo, hata kama mwajiri anakwambia bado. Msumbue. Mimi safari hii nilipeleka tarehe 2 Septemba na nikaipata mkononi kabla ya bendera hazijatundikwa. Na namba ya simu ya dharura iandike kwenye karatasi, simu inazima chaji.

Weka nauli ya kurudi kwenye akaunti usiyoigusa. Usiiguse hata dada yako akikuambia ada. Najua nitakuambia ada. Usinisikilize.

Hapo kwenye ada niwaambie wazazi wa watoto ninaowasomesha: Januari mnaponiona nasuasua si ubahili. Mwaka Mpya wa Kichina ndio huo, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Ujao ni tarehe 17 Februari. Viwanda vinaanza kufunga wiki mbili tatu kabla, wafanyakazi wanarudi vijijini, serikali inapanga usafiri wa siku 40 kwa ajili yao tu. Ni kama sisi Wachaga tunavyorudi nyumbani Desemba, ila ni nchi nzima. Mzigo hautoki, na mimi nalipwa kwa mzigo unaotoka. Shule zenu zinafungua Januari. Ndiyo maana pesa yangu inafika Machi na barua ya shule imeshafika nyumbani. Mwaka huu niombeni ada Novemba, nikiwa nayo. Nisipotoa Novemba, niulizeni tena kwa nguvu.

Na usiku ule wa mwaka mpya wao, mwenye nyumba wangu huwa ananiita kula nao. Wanaacha kiti cha bibi yao aliyekufa, wanamwekea bakuli na vijiti. Wananikaribisha kwa moyo wote. Nakula, nacheka, napanda juu kwangu, nalia. Nenda ukiitwa. Usikatae kuitwa. Lakini kula mapema, ondoka mapema.

Ukishafika huku piga simu nyumbani hata kama huna kitu cha kusema. Usisubiri uwe na mkono uliojaa. Mimi nilisubiri.

Baba mdogo, hili ni lako. Nimeshalipa nauli juzi tarehe 9, siku ofisi zilipofunguliwa, kabla sijasikia hata hiyo sauti ya dakika sita. Nafika KIA Ijumaa, tarehe 19 Desemba, na magari yote ya Wachaga yatakuwa barabarani. Sitaki coaster ya mapokezi, sitaki tisheti. Naomba uje wewe peke yako, au umtume huyu mwenye maswali. Nitashukia njiani nichume sale, lile jani letu la kuombea msamaha, nije nalo mkononi mpaka mlangoni kwako, na wewe utaamua kama unalipokea.

Kaburi la mama msilipalilie kabla sijafika. Liacheni na majani yake.